Paka wa Fundi na Nyongo ya Mama

...na bado linaning'inia, tone hili, linanenepa kwenye mdomo wa kichupa kana kwamba halina haraka ya kwenda popote, haya, limedondoka, linafuata jingine, vizuri, hivyo hivyo, polepole, paka si ng'ombe, ukimmiminia maji kama unamwagilia bustani yatajaa kwenye mapafu, atazama hapa hapa mezani, kwenye nchi kavu, ndiyo maana kidole changu hakitoki kwenye kigurudumu cha dripu na mkono wangu wa pili uko chini ya kitambaa, juu ya kifua chake, moyo unakwenda mbio kama cherehani, "Anaendeleaje?" anauliza daktari bila kuinua kichwa, namjibu, "Yuko sawa, fizi zina rangi," na kweli zina rangi, waridi iliyofifia, alfajiri zilikuwa nyeupe kama karatasi, fundi cherehani alipomleta kwenye kikapu cha vitambaa, amekauka, ngozi ya shingo ukiivuta inabaki imesimama kama hema, ikabidi tumwekee dripu kwanza kabla hata ya kufikiria kisu, kumbe alimeza uzi, uzi mrefu, ncha moja imenasa chini ya ulimi na sehemu nyingine imeteremka hadi kwenye utumbo ikaukunjakunja, daktari alipofungua tumbo aliguna, "Tazama, marinda matupu," nami nikacheka, nikajishangaa nimecheka, leo, saa hizi, wakati mama yangu naye amelala mezani upande wa pili wa mji, tumbo lake... hapana, tone, tazama tone.

"Dada, wamemwingiza," alisema mdogo wangu kwenye simu kabla sijavaa glavu, sauti imetulia, yeye ambaye akiona damu ya kidole anatafuta ukuta wa kuegemea, msusi, vichwa vya watu anavijua kwa nje tu, ndiye aliyebaki kwenye benchi la hospitali, na mimi ninayejua mshipa unajificha wapi, ninayejua dawa ya usingizi inavyoshusha presha, kwamba ndiyo maana maji lazima yaendelee kuingia mshipani muda wote wa kupasuliwa, awe mtu, awe paka, mimi nimefukuzwa, ndiyo, neno ni hilo, nimefukuzwa na mama yangu wa kunizaa, mganga hajigangi, sawa, lakini mimi sikutaka kujiganga, nilitaka kumganga yeye... jana jioni pale kitandani nilisoma mfuko wa dripu mbele na nyuma, nikauinua kwenye mwanga kutafuta mapovu, nikamuuliza muuguzi mambo ambayo alikuwa ameshayafanya, nikamuuliza mama mkono unauma, mkono una baridi, umekojoa, mama akafumba macho, akasema, "Mwanangu, huo mkojo wangu una kesi mahakamani?" na mdogo wangu akaangua kicheko, wodi nzima ikageuka, halafu mama akafumbua macho, hakuwa na hasira hata kidogo, afadhali angekuwa nayo, "Huyu mdogo wako abaki. Wewe kesho nenda kazini kwako," "Mama, mimi ndiye ninayeelewa," "Najua, ndiyo maana. Ukinitazama kwa jicho hilo nitaogopa, na mimi sitaki kuogopa," "Jicho gani?" "Hilo hilo," akasema, akageukia upande wa pili kumsikiliza mdogo wangu anamsimulia habari za mteja aliyelala usingizi akisukwa hadi akaanguka na kiti.

Mawe kwenye nyongo, yeye mwenyewe anasema ni sisi tuliomtia mawe hayo, moja moja, tangu tukiwa wadogo, na nilipoanza kazi hii alicheka hadi akakaa chini, nimesomesha mtoto aje atibu paka, mnyama mwenye roho ngumu kuliko wote, atamhitaji daktari lini, lakini kwa majirani alijisifu, binti yangu yuko upasuaji, basi, hapo anaweka nukta, wagonjwa wenyewe ni akina nani hasemi... "Navuta sasa," anasema daktari, na uzi unatoka, mwekundu, hivi ni wa gauni la nani huu, unatoka taratibu kwenye tundu dogo la utumbo, na chini ya vidole vyangu moyo unabadilika, sio tena cherehani, umekuwa laini, umekuwa mbali, kama mtu anayegonga mlango akiwa na haya, "Mapigo yamedhoofika," nasema, "Punguza dawa ya usingizi. Ongeza maji kidogo, halafu subiri," anasema daktari, napunguza, naongeza, kidogo, nimesema kidogo, lakini kidole kinataka kukifungua kigurudumu chote, kinawasha kabisa, achilia yote, mpe, mpe, amekauka huyu, mwache anywe, nani alikufa kwa kupewa... naam, wamekufa, nimewaona, wamekufa kwa kupewa, na neno gumu kwenye maagizo ya daktari si kuongeza, ni subiri.

Nasubiri. Fundi naye anasubiri huko nje, sijui kama amekaa, alfajiri hakukubali kukaa, alisimama ameshika mfuniko wa kikapu kama sahani, mzee wa watu, akaniambia, "Binti yangu, nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko, anatapika, namnywesha tena, usiku kucha, nilidhani namsaidia," nami nikamshika mkono, nikamwambia, sijui maneno yalitoka wapi, "Mzee wangu, mapenzi yako yalikuwa mengi kuliko tumbo lake," akatikisa kichwa, akasema, "Kweli kabisa," akafuta macho kwa kipande cha kitambaa... mapenzi yako yalikuwa mengi kuliko tumbo lake, nimeyasema mimi hayo, kwa mdomo huu huu, nikageuka nikaenda kunawa mikono, wala sikusikia nilichosema, ama kweli nyani haoni kundule, na hilo jicho, jicho hilo hilo, mbona nalijua, nimewahi kuliona, lilikuwa la mama mwenyewe, baba alipokuwa kitandani na dripu yake, mama hakumtazama baba, alitazama kichupa, tone, tone, tone, likichelewa anasimama, likiwahi anaita muuguzi, na baba alikuwa amegeukia ukutani, anayemgeuza huku ni mdogo wangu peke yake, akiwa bado na sare za shule, anaingia akimtangazia mpira ambao hakuuangalia, hajui hata wachezaji ni wangapi, anabuni magoli, kipa amefunga kwa kichwa, refa amepewa kadi nyekundu na mkewe, na baba, akijua fika ni uongo mtupu, anacheka hadi kikohozi kinamshika, "Endelea," anamwambia, "halafu ikawaje?" na mama mlangoni anasema, "Mwacheni apumzike," na tulipomzika, wiki ile ile, mama alisema jambo moja wakati tunaosha vyombo, alisema, "Mimi sikumbuki uso wake wa mwisho, nakumbuka ile chupa," nikadhani ni uchovu, nikaendelea kupangusa sahani.

Kumbe alikuwa ananiambia jambo. Hakunifukuza, mama, alinizuia nisije nikabaki na chupa... "Vipi?" anauliza daktari, nambonyeza paka kwenye fizi, rangi inakimbia, inarudi, imerudi haraka kuliko mara ya kwanza, na chini ya vidole mlango unagongwa tena, safari hii na mtu mwenye haki ya kuingia, "Anarudi," nasema, "Rudisha maji yalivyokuwa," anasema daktari, narudisha, na bega langu ambalo sikujua lilikuwa limepanda hadi sikioni linashuka lenyewe, na nafikiri, huko nako yupo mtu, hanijui, simjui, amesimama kichwani kwa mama na kidole chake kwenye kigurudumu, naye ana mama yake mahali, au ana paka, anasubiri kama ninavyosubiri, anaijua kazi yake, basi amwachie nani kama si yeye, fundi ameniachia mimi mnyama wake bila hata kuniuliza nimesomea wapi... mlango umefunguka kidogo, dada wa mapokezi ameingiza pua tu, barakoa ameishika kwa mkono, "Mdogo wako amepiga simu ya ofisi. Mama ametoka salama. Anatetemeka kidogo kwa baridi, lakini anaongea. Ameuliza kama uko kazini, wakamwambia uko, akasema mwambieni amalize kwanza," na mlango umefungwa, na daktari kwa mara ya kwanza ameinua kichwa, "Ungependa kwenda? Nitamwita mwenzako," macho yake juu ya barakoa ni mapole, "Hapana, daktari, nimalize," nasema, na sauti yangu imetoka kama ya mtu aliyelala vizuri, "Haya," anasema, "imebaki kushona tu," na ameanza kuimba puani, sijawahi kumsikia akiimba, wimbo wa harusi, ameukosea tangu mwanzo, anapanda pale pa kushuka, sindano inakwenda na wimbo, paka wa watu amelala hana habari, maji yanaingia, na mimi nausikiliza wimbo huu mbovu kwa makini, niushike ulivyo, kila kosa lake, maana jioni nitauimba mbele ya mama, nitamwigiza daktari na kichwa chake hivi, na miguu yake inayopiga sakafu nje ya mdundo, sitauliza mkono unauma, sitauliza chochote, akicheka atashika tumbo aseme nyamaza, mshono, mshono, na asipocheka, akiwa amechoka, akinyamaza tu, nitakaa upande wa uso wake, nimtazame.