Alichosema Mlangoni

Bango la filamu lilibandikwa Jumatatu asubuhi, na kabla sijamaliza kufagia, dada alikuwa ameshatoka nje na tepu ya kupimia.

Wapita njia walimkodolea macho. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, pini tatu mdomoni, anampima mabega mwanamume wa karatasi. Dada hakuwa na habari nao. Alipima kola, akapima mkono, akahesabu vifungo mara mbili, kisha akarudi dukani mbio na kuniambia kwa mikono:

"Wameongeza kifungo! Sasa viko sita. Nilikwambia lile koti watalibadilisha!"

"Hukuniambia chochote," nikamjibu, kwa mikono pia.

"Basi nilikuwa nataka kukwambia."

Dada yangu ni kiziwi tangu ana miaka minne. Homa ilimchukulia masikio ikamwachia kila kitu kingine, ubishi ukiwemo. Tunashona pamoja, cherehani mbili zikitazamana, katika duka ambalo ukuta wake wa nyuma ni ukuta wa sinema. Upande wao limetundikwa pazia kubwa la picha, na spika ziko pale pale, hatua mbili kutoka ninapotundika magauni yaliyokwisha. Sinema ikianza, hanga zangu hutetemeka.

Huyo wa bangoni ni mpelelezi, na sisi humwita Bwana Koti. Ana jina lake, lakini dada ni fundi, na fundi humjua mtu kwa nguo. Kwa miaka ishirini tumezipata filamu zake zote tano bila kuingia pamoja hata mara moja. Dada huingia, mimi hubaki kulinda duka. Yeye anaona, mimi nasikia kupitia ukutani. Ikiisha anarudi, tunajifungia, tunakaa chini na kuiunga: yeye analeta picha, mimi naleta maneno, kama mafundi wawili walioshona kila mmoja nusu ya suti. Na tuna sheria yetu. Siku ambazo dada hajaingia, mimi siruhusiwi kusikiliza. Naongeza sauti ya redio, au nawasha cherehani kubwa ingurume. Hakuna kumtangulia mwenzako.

Saa hizo za kuunga filamu ndizo tamu kuliko zote nilizopata maishani, nasema wazi. Dada akikuonyesha theluji inavyoanguka, vidole vyake hushuka polepole mpaka unatafuta shali. Aliwahi kunionyesha mji mzima ukizimika taa mtaa kwa mtaa, na mwisho ikabaki moja, dirishani, ambayo aliifanya kwa ncha ya kidole kidogo. Mimi nilikuwa namwamini nusu. Nilijua anatia chumvi, kama anavyotia kwenye kila kitu, nikawa nampunguzia kimoyomoyo.

Kumbe aliyetia chumvi ni mimi.

Filamu ya tano, miaka minne iliyopita, ilionyeshwa wiki moja tu, na sisi tulikuwa tumezama kwenye sare za shule hadi shingoni. Dada alipata nafasi siku ya mwisho. Mwishoni kabisa mwa filamu, Bwana Koti amesimama mlangoni kwa mwanamke anayempenda, nami nimebandika sikio ukutani, akaingia mteja wa suruali. Tumeikata fupi, anasema. Akiivaa anaonekana mtu anayevuka mto. Alifoka, akaivaa juu ya ile nyingine ili nione mwenyewe, akafoka tena. Alipoondoka ukuta ulikuwa na muziki wa mwisho tu.

Dada akarudi macho yamelowa. "Alisema nini pale mlangoni? Alinipa mgongo! Nimeuona uso wa mwanamke tu, ukabadilika wote. Alimwambia nini?"

Ningesema sikusikia. Ni neno moja tu, halina hata gharama ya uzi. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu ameacha mikono hewani, anasubiri nusu yake, na mimi mikono yangu ilijiendea yenyewe.

"Alisema, usifunge mlango. Nitarudi."

Dada aliketi. Aliweka kiganja kifuani akakaa hivyo muda mrefu, akitazama mlango wa duka letu kana kwamba ndio ule. Kisha akayarudia maneno yale kwa mikono yake, taratibu, kama mtu anayejaribu nguo mpya mbele ya kioo.

Ningejua angeyabeba miaka minne, ningemkimbilia yule mwenye suruali arudi kufoka, dada ajionee kwa nini sikusikia. Dada alianza kushona koti. Si la mteja, lake mwenyewe: koti la Bwana Koti, sufu nzito, kola pana, bitana ya rangi ya zabibu. Ndani ya bitana, upande wa moyo, akatarizi kwa uzi mweupe: Usifunge mlango. Nitarudi. Kila mwaka uliopita bila filamu alilitoa, akalipiga pasi, akalirudisha. Nikimtania kwamba labda mwigizaji amezeeka, magoti yamekataa, ananijibu, "Amesema atarudi." Mpwa wetu alipomletea kipande cha filamu kwenye simu, alikisukuma pembeni. Kumtazama Bwana Koti kwenye simu, alisema, ni kama kupima mtu suti kwa picha ya pasipoti.

Sasa bango limekuja, na nyuma yake akaja meneja mpya wa sinema, kijana mwenye adabu.

"Mama fundi," akaniambia, "mtatusamehe kwa kelele za wiki hii. Tunaziba ule ukuta na sponji. Hamtasumbuliwa tena."

"Nani alisema tunasumbuliwa?"

Akacheka, akidhani namfanyia heshima. "Halafu mwambie dada, safari hii picha ina maandishi chini. Kila neno linalosemwa linaandikwa. Na inaanza na kile kipande cha mwisho cha ile ya tano, pale mlangoni, ili watu wakumbuke ilikoishia. Ingieni nyote wawili jamani."

Nilimtafsiria dada yote. Nilitamani kuruka hilo la maandishi, lakini bangoni liliandikwa pia, na dada anasoma kuliko mimi. Alirukaruka. Alinishika mashavu kwa mikono yake yenye harufu ya mafuta ya cherehani. "Tutaingia pamoja! Utamwona! Na mimi nitasoma ile sentensi, kwa macho yangu!"

Nikatabasamu, nikarudi kushona mshono niliokwisha kuushona.

Msinione mjinga. Najua ni filamu. Lakini maneno ya dada yote ya dunia hii hupitia kwangu: ya daktari, ya hakimu siku ya talaka yake, ya watu wanaomsengenya mbele yake. Na ya mama. Siku mama anafariki, dada alikuwa ameshika miguu yake upande wa pili wa kitanda, na mama hakuwa tena na nguvu ya kuinua mikono. Alininong'oneza mimi sikioni. "Mwambie nilikuwa namsikia. Siku zote." Nikamwambia dada palepale, neno kwa neno. Dada ameishi juu ya maneno hayo miaka kumi na moja. Hakuna shahidi mwingine, ni mimi na sikio langu. Akiyaona ya mlangoni ni ya kutunga, ya mama atayafanyaje?

Wiki tatu nilitafuta pa kuanzia. Nilijaribu akiwa anashona kile kifungo cha sita, nikamgusa bega, akainua macho yanang'aa, nikauliza kama ameona mkasi wangu. Ulikuwa shingoni mwangu. Siku yenyewe nilijaribu tena tukifunga duka. Dada alikuwa amevaa koti, jua la saa nane likiwaka, jasho linamchuruzika, anang'ara kama bibi harusi.

"Dada, lile neno la mlangoni..."

"Usiniharibie!" akanikatiza. "Hakuna kumtangulia mwenzako!"

Sheria yangu mwenyewe ikanifunga mdomo.

Mimi nilikuwa sijawahi kuingia mle. Miaka ishirini najua kila mlio wa ndani yake na sijui rangi ya viti. Ni vyekundu. Dari iko juu mpaka unaogopa. Taa zikazimwa, pazia likawaka, na mimi fundi, mtu mzima, nikashika mkono wa kiti kwa nguvu zote. Uso wa mtu ulikuwa mkubwa kuliko nyumba yetu. Kope moja ndefu kuliko mkono wangu. Theluji ilikuwa inashuka, na ilishuka vilevile, polepole vilevile, kama vidole vya dada. Hakuwa ametia hata punje. Yote niliyokuwa nampunguzia yalikuwa kweli, na zaidi. Machozi yalinitoka kabla hadithi haijaanza. Dada aliniona akatikisa kichwa kwa kiburi, kama aliyeipiga ile picha mwenyewe.

Kisha mlango ule. Safari hii walimwonyesha Bwana Koti kwa mbele. Dada alinishika mkono. Midomo ya mpelelezi ikafunguka, na chini, kwa herufi nyeupe kama uzi wake, yakaja maneno:

Funga mlango. Usinisubiri.

Dada hakutikisika. Aliyasoma, na yalipotoweka aliendelea kutazama mahali yalipokuwa. Halafu akautoa mkono wake katika wangu na kuuingiza ndani ya koti, upande wa moyo, akapapasa.

Mwanga wa pazia ulitosha kuonana. Akanigeukia. Hakuuliza siku ile dukani kulitokea nini, hakuuliza kwa nini. Mikono yake ilifanya ishara mbili tu, ndogo, chini, mtu wa nyuma asione.

"Na mama?"

"Mama ni kweli," nikasema. "Neno kwa neno. Haki ya Mungu, dada."

Alinitazama usoni muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa cha mtu anayedai ni sufu halisi. Akageuka mbele.

Filamu nzima niliitazama hivyo, nusu jicho kwenye pazia, nusu kwake. Na Mungu anisamehe, hata katika hofu ile nilipigwa na bumbuazi. Treni zilipita juu ya vichwa vyetu. Bahari ilisimama wima. Meli ilipopasuka, dada aliweka viganja kwenye kiti cha mbele kuusikia mtetemo, nikaelewa kwamba mle ndani kulikuwa na sauti ambayo yeye alikuwa anaipata siku zote na hakuwahi kunidai kuieleza. Maandishi yalipita chini na hakunihitaji kwa lolote. Miaka ishirini ya kazi yangu ilikuwa inapita pale chini, safi, bila makosa, mistari miwili miwili.

Mwishoni Bwana Koti akarudi. Ni mzee kidogo, anachechemea, koti limechanika begani na kifungo kimoja kimetoka. Theluji imejaa barabarani. Anaufikia mlango uleule, anasimama, anainua mkono kubisha. Habishi. Anausukuma kwa kidole.

Ulikuwa wazi.

Sinema nzima ilivuta pumzi pamoja. Yule mwanamke hakuufunga. Aliambiwa funga, usinisubiri, naye kwa miaka yote ile akauacha wazi. Mwili wangu ulisisimka kuanzia kisogoni. Ilikuwa kama ule ukuta wetu ulikuwa unasikia pande zote mbili, na siku ile dukani nilipokuwa namdanganya dada, mwanamke huyu upande wa pili alibandika sikio akanisikia.

Akatoka ndani, nywele zimeingia mvi. Bwana Koti akainama akamwambia neno sikioni. Alitupa mgongo. Muziki ukapanda juu, ngoma na fidla na kila kitu, na chini ya picha hapakuandikwa neno lolote. Nilisogea mbele kwenye kiti. Niliyatega masikio kama sijawahi kuyatega, bila ukuta, bila mteja. Haikutoka hata silabi moja. Uso wa mwanamke ukabadilika wote.

Taa zikawashwa. Watu wakaanza kuinuka, wakitupita magotini. Dada hakuinuka. Alinigeukia, macho yamelowa kama siku ile, na mikono yake ikaja juu.

"Alisema nini?"

Mikono yangu ilitaka kwenda yenyewe, sikatai. Nikaikalisha mapajani kwanza. Kisha nikaiinua.

"Sikusikia."

Dada alinisoma usoni tena. Mfagiaji alishaanza safu za mbele. Dada akafungua kifungo cha koti, akafungua cha pili, akavuta hewa kama mtu aliyetua mzigo, na joto lile la sufu likanipiga usoni.

"Basi ya mama nimeyaamini," akasema. "Ya huyu, tunga."