Nozeli Nyeusi Kwenye Kopo la Vifungo

Tochi ilipiga pa kwa mara ya kwanza Jumatatu asubuhi, na Mkasi hakushtuka. Tochi ya gesi, ile ya kukatia vyuma, ina kikohozi chake, mara moja moja unaiacha isafishe koo. Lakini kufikia saa nne ilikuwa imepiga pa mara kumi na moja, kila mara moto unazimika, na karakana nzima ilikuwa imeacha kazi inahesabu.

Mkasi alikuwa mama wa miaka hamsini na minne. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu alikata vyuma kama mtu anayekata kitambaa, na kwa sababu mumewe alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na sita, maboila mabovu, matangi na malori yaliyokata roho yalipita mikononi mwake yakatoka vipande. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda wala aliyoijua.

Wakati huo karakana ilikuwa imepatwa na ugonjwa wa usafi. Meneja alisikia kwamba kuna cheti cha Karakana Safi, na kwamba mgeni wa kukitoa angekuja Ijumaa. Basi kazi ikasimama ili usafi uendelee. Lundo la vyuma chakavu likapakwa chokaa. Kila spana ikachorewa kivuli chake ukutani, na spana iliyokutwa nje ya kivuli iliandikwa kwenye daftari kama mtoro. Aliyesimamia yote hayo alikuwa kaka wa mke wa Meneja, kijana wa makamo ambaye chuma alikuwa hakijui ila ndugu alikuwa naye. Watu wote walimwita Shemeji, hata waliomzidi umri, naye aliitika kama vile ni cheo.

Ijumaa hiyo Mkasi alitakiwa akate bamba la unene wa vidole viwili mbele ya mgeni, picha ipigwe. Meneja aliposikia pa ya kumi na mbili alitoka ofisini, akaitazama mikono ya Mkasi badala ya kuitazama tochi.

Meneja hakuwa mtu wa kufoka, alikuwa mtu wa barua. Jioni alimwita, akamsukumia karatasi mezani. Iliandikwa kwa heshima nyingi mno: kwamba kutokana na umri wake, kuanzia Jumatatu ijayo anahamishiwa getini kuandika namba za magari yanayoingia na kutoka. Tarehe ilikuwepo, muhuri ulikuwepo. Sahihi tu ndiyo iliyokosekana.

"Ikikohoa mbele ya mgeni, naitia sahihi," Meneja alimwambia kwa upole. "Isipokohoa, hii inabaki kwenye droo. Sikulazimishi, Mama Mkasi."

Jumanne Mkasi aliipekua tochi kama mama anayempekua mtoto chawa. Alitazama saa za mitungi yote miwili, wa oksijeni na wa gesi; presha ilikuwa sawasawa. Alinyoosha mipira ya gesi asikute mkunjo hata mmoja. Alipaka maji ya sabuni kwenye maungio, povu halikutoka. Alikaza nati, akaisogeza ncha mbali kidogo na bamba isichemke, akapitisha waya wake mwembamba kwenye matundu ya nozeli, kile kipande cha shaba mdomoni mwa tochi kinachotoa moto. Matundu yalikuwa meupe. Akawasha. Pa.

Jumatano akabadilisha nozeli. Karakana ilikuwa na tisa kwenye kibao chake, zinang'aa kama meno ya dhahabu. Zote tisa zilikohoa. Hapo wale waliokuwa wakimtetea wakaanza kutazama pembeni, maana nozeli tisa haziwezi kuugua siku moja, na mikono ni ile ile. Shemeji alimpitia na kitambaa chake begani, akamwambia getini kuna kivuli kizuri, mama, na kiti kina mto.

Jioni hiyo chakula kilimshinda. Mumewe alikuwa amekaa kwenye cherehani yake anatafuta kifungo cha kufanana na vingine vitano. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, kisha akauliza nani aliyeishika ile tochi kabla haijaanza kukohoa.

"Hakuna. Shemeji tu, aliing'arisha pamoja na nozeli zake."

Mzee akaacha vifungo. Akamkumbusha mwaka ule dada yake yeye mzee alipokuja kukaa kwao, akataka kulipa wema kwa kusugua vyombo vya nyumba nzima. Alisugua sufuria, akasugua pasi, akasugua na ule mkasi mkubwa wa mzee wa kukatia vitambaa, nje na ndani. Ukang'aa hata mtu angeweza kujitazama humo kama kwenye kioo, lakini haukukata hata uzi. Ulitafuna kitambaa tu.

"Alisugua zile pande mbili zinapokutana," alisema. "Nje angesugua mpaka kesho, nisingelalamika. Hebu niambie, mwenzangu, yule bwana alisugua wapi?"

Mkasi alinyanyuka, akamwomba miwani yake ya kutungia sindano. Kisha akakumbuka jambo jingine, akavuta kopo la vifungo na kulimwaga kitandani. Chini kabisa, imeviringwa kwenye kitambaa, ilikuwepo nozeli nyeusi kama mkaa, ambayo miaka mingi nyuma iliingia nyumbani mfukoni mwa aproni yake na haikurudi kazini.

Alhamisi alifika kabla ya mtu yeyote. Alifungua nozeli moja ya kung'aa, akakitazama kitako chake kwa miwani ya mumewe. Kitako ndicho kinachozama ndani ya kichwa cha tochi. Kina pete mbili laini zinazokaa barabara mahali pake, ili oksijeni na gesi zisikutane kabla ya wakati wake. Pete zote mbili zilikuwa na mikwaruzo ya msasa, kama shamba lililolimwa. Gesi zilikuwa zinachungulia huku na kule na kushikana moto njiani. Akazipitia zote tisa: hakuna iliyosalimika. Akafunga ile nyeusi, akawasha, akalipasua bamba la unene ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata chafya haikupiga.

Alikwenda kwa Meneja na ushahidi mkononi. Meneja alisikiliza vizuri, akaitazama nozeli nyeusi kama mtu aliyeletewa panya mezani, akasema haiwezi kuingia kwenye picha. Mgeni anakuja kuona usafi, hakualikwa kuja kuona kukata.

Ijumaa mgeni alikuja, mama mfupi mwenye faili na viatu vyeupe. Alipitishwa kwenye vivuli vya spana, akaonyeshwa lundo lenye chokaa. Kisha akasimamishwa mbele ya Mkasi, na Shemeji mwenyewe akafunga nozeli inayong'aa kuliko zote. Mkasi alimwomba mgeni arudi nyuma hatua tano. Akawasha.

Pa. Faili likaanguka. Akawasha tena, pa, na mgeni akawa nyuma ya Meneja, amemshika koti. Ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote. Mkasi akaona mkono wa Meneja unapanda taratibu hadi mfuko wa shati, unaishika kalamu.

Basi hakuomba ruhusa. Akafunga mitungi, akafungua nati, akatoa ile nyeusi mfukoni na kuifunga mahali pake. Alipowasha, moto ukasimama wima wa bluu, ukaingia kwenye bamba na kulipita. Vipande viwili vikaanguka chini, kimoja baada ya kingine.

Mgeni akatoka mafichoni. Akauliza tofauti ni nini, na hiyo nyeusi imetoka wapi.

"Kwenye kopo la vifungo, mama," Mkasi alijibu, akamwekea nozeli mbili kiganjani, vitako juu. "Hii ilisuguliwa ili ing'ae. Hii haikusuguliwa."

"Na aliyeagiza zisuguliwe ni nani?"

Shemeji akaanza kufuta kitu kisichokuwepo kwenye nguzo. Mkasi akamtazama Meneja tu, akangoja, hakumsaidia.

Meneja akakohoa. Akasema kwamba hilo lilikuwa somo la usalama lililoandaliwa na uongozi kwa makusudi, mgeni ajionee kwa macho madhara ya kusugua ovyo, na kwamba Mama Mkasi ndiye mkufunzi wao wa siku nyingi. Mgeni akaandika muda mrefu. Cheti kilitolewa, na chini yake kikaongezwa mstari wa kuusifu uongozi kwa ubunifu.

Barua hakuna aliyeitaja. Kwa hiyo Jumatatu Mkasi alifika langoni na chakula chake mkononi bila kujua aishie pale kwenye kiti chenye mto au aendelee ndani. Mlinzi alimwamkia kama siku zote. Akaendelea.

Mezani kwake alimkuta Shemeji amechuchumaa, ana kopo la rangi nyeusi na brashi. Nozeli tisa zilikuwa zimepangwa mbele yake, anazipaka moja moja, akianzia kitakoni.

"Agizo la Bosi," alieleza bila kuinua macho. "Kumbe nyeusi ndizo zinazokata."

Mkasi alipapasa mfuko wa aproni. Yake ilikuwemo, salama. Zile tisa zilishakufa, rangi isingeziua mara ya pili. Alitaka kupita, akaona karatasi ambayo Shemeji alikuwa anafutia brashi. Muhuri ulikuwa bado unaonekana, na neno getini nusu yake. Mahali pa sahihi palikuwa patupu.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Kwenye ndoo ya taka ya ofisini. Kwani unaihitaji?"

"Siihitaji," alisema Mkasi, akivaa miwani yake myeusi ya kukatia. "Ila futia na upande wa pili, shemeji. Umebaki msafi."