Tone la Saa ya Mwisho

Mama Mvuke alikuwa na pua, na pua yenyewe ilikuwa na sifa zake mjini. Miaka ishirini na miwili alikuwa fundi mkuu wa kiwanda kile kidogo cha mafuta ya misonobari, na watu walisema hata ukimfunga kitambaa machoni atakuambia tawi hili limekatwa leo au jana. Yeye hakukanusha. Akanushe nini, na ilikuwa kweli?

Kazi yenyewe ni hii. Matawi mabichi yanakatwakatwa, yanashindiliwa ndani ya pipa la chuma linalompita mtu kimo, mfuniko unakazwa, kisha mvuke kutoka kwenye tanuri la kuni unaingizwa kwa chini. Ukipanda unabeba mafuta, unapita kwenye mrija uliozamishwa katika maji baridi, na huko mwisho yanadondoka matone ndani ya chupa kubwa ya kioo. Maji yanakaa chini, mafuta yanaelea juu. Saa mbili za kwanza mafuta huja mengi, mbio mbio, lakini yananuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Ile harufu tamu, inayokufanya uvute pumzi mara mbili, huchelewa. Huja saa ya nne na ya tano, tena kidogo kidogo, kama mgeni mwenye maringo. Binti yake, aliyesomea kemia, alimwambia kitu hicho kinaitwa bonili asetati. Mama Mvuke alilijaribu jina hilo mdomoni, akasema si baya, ila yeye ataendelea kukiita utamu wa mwisho.

Sasa kulikuwa na siri. Miezi kumi na minne nyuma alishikwa na homa kali, na alipoinuka kitandani pua ilikuwa imekufa. Kitunguu, moshi, sabuni, hakuna kitu. Aliinusa chupa ya mafuta yake mwenyewe ikawa kama ananusa maji. Siku hiyo alilia peke yake nyuma ya lundo la matawi, akajifuta uso, akarudi kwenye pipa lake. Angemwambia nani? Fundi wa harufu asiyenusa! Wangemwondoa kabla jua halijazama, na Meneja ndiye angemfungulia geti.

Maana Meneja, jamani, alikuwa mtu wa haraka hata akiwa amekaa. Kila akipita kwenye tanuri lazima aguse saa yake. "Mama, hayo ni matawi au maharage? Kuni za masaa matano! Zima saa ya tatu."

"Nikizima saa ya tatu utauza rangi ya milango," Mama Mvuke alimjibu kila mara, wala hakugeuka.

Basi ikaja barua. Mteja wao mkubwa, mama mmoja mwenye kiwanda cha sabuni ambaye wote walimwita Bi Sabuni, alilalamika kwamba pipa moja la mafuta lilikuwa ovyo. Meneja aliisoma barua ile mbele ya wafanyakazi wote, kwa sauti, kwa raha zake. Alipomaliza akaikunja na kusema, "Pua imezeeka. Tutafute nyingine." Mama Mvuke kidevu hakukishusha hata kidogo.

Jumanne asubuhi Bi Sabuni alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mkavu wa maneno, na nyuma yake alifuatwa na mtaalamu mpya wa maabara yake, amebeba kisanduku. Mtaalamu huyo alikuwa Kitinda, mtoto wa mwisho wa Mama Mvuke, yule binti aliyesomea kemia. Bi Sabuni alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa amemwonya njiani asifungue mdomo.

"Nina chupa tatu hapa," Bi Sabuni alisema, akizipanga mezani. "Moja tu ndiyo mafuta ninayoyataka. Fundi anionyeshe ni ipi. Akikosa, Meneja, utanitafutia fundi mwingine au mimi nitatafuta kiwanda kingine."

Meneja hakusubiri zamu. Alizinusa zote tatu, akakohoa, akainua ya tatu juu. "Hii hapa! Inapiga mpaka kwenye ubongo!"

Mama Mvuke akashika chupa ya kwanza. Akainusa. Hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Alipoinua macho akamwona Kitinda amesimama nyuma ya Bi Sabuni, anajikuna shavu kwa vidole viwili. Vidole viwili, taratibu, kama walivyokuwa wakifanya zamani wakicheza karata na kumwibia baba mtu ushindi.

Kumbe mtoto anajua! Ndipo akakumbuka siku ya mahafali chuoni, alipomkumbatia na kumwambia, "Unanukia vizuri, mwanangu," na Kitinda akamtazama kwa muda mrefu. Kumbe siku hiyo msichana hakuwa amejipaka chochote.

Ilikuwa rahisi mno. Aseme ya pili, basi, yaishe. Lakini kuna wanawake hawawezi kula kilichotafunwa na mwingine, na Mama Mvuke alikuwa mmoja wao. Alivuta kiti, akakigeuza, akakaa akimpa mwanawe mgongo.

"Bi Sabuni," alisema, "mimi sinusi. Tangu homa ile ya mwaka jana, pua hii ni pambo tu."

Heh! Chumba kizima kiliguna. Meneja akafungua mikono kama mtu aliyeshinda kesi. "Si nilisema? Si nilisema mimi?"

"Ulisema. Sasa nyamaza nifanye kazi. Nipeni karatasi na saa."

Akadondosha tone moja moja kutoka kila chupa juu ya karatasi nyeupe, akaandika moja, mbili, tatu, akaitundika ukutani penye msumari. Hapo ndipo watu walipoutazama ukuta ule vizuri. Ulikuwa umejaa karatasi kama hiyo, mamia, kila moja ina tarehe na madoa, kuanzia mwezi wa ile homa. Walikuwa wakizipita kila siku wakidhani ni mambo ya uzee.

Wakangoja. Meneja aligusa saa yake mara kumi. Robo saa haijatimia, doa la tatu lilikuwa limekauka, limeacha kivuli tu. La pili lilikuwa linanywea polepole kutoka pembeni. La kwanza lilikaa pale pale, limenona.

Saa nzima ilipotimia Mama Mvuke akainuka. "Hii ya kwanza imetiwa mafuta ya kupikia. Haitakauka leo wala kesho. Mtego wako huo, Bi Sabuni, na ni mtego mzuri. Ya tatu, aliyoipenda Meneja, ni mafuta ya haraka, yanaruka upesi. Moto ulizimwa saa ya tatu, utamu wa mwisho ukabaki ndani ya matawi. Ya pili ni yangu."

Bi Sabuni akageuza chupa ya tatu, akasoma kibandiko chini yake. "Hii imetoka kwenye pipa nililolalamikia." Akataja tarehe.

"Tarehe hiyo sikuwapo," Mama Mvuke alisema, na sauti yake ikapanda yenyewe. "Siku nne nzima sikuwapo. Nilikwenda kumwona mwanangu akivikwa joho. Muulizeni aliyebaki na tanuri langu."

Wote walimtazama Meneja, na Meneja akatazama viatu vyake kama vile ndiyo kwanza anaviona.

Bi Sabuni akazifunika chupa. "Pipa lijalo nataka limetoka mkononi mwa huyu mama," alisema. "Na karatasi yake ije nalo."

Mchana, wengine walipokwenda kula, Kitinda alimfuata mama yake kwenye tanuri. Saa ya tano ya moto ilikuwa imeanza, matone yanadondoka moja moja.

"Ulinipa mgongo, mama."

"Nilikupa. Nimekusomesha uwe shahidi, sikukusomesha uwe mwizi." Kisha sauti ikampungua. "Kitinda, hebu niambie. Bado yananukia?"

Kitinda aliinama juu ya chupa. Akavuta pumzi mara mbili. "Siku ya kwanza maabarani chuoni walifungua kichupa wakatwambia tuandike kinanukaje. Wenzangu wakaandika msitu, wakaandika dawa. Mimi niliandika: mama amerudi kazini." Akacheka, huku machozi yanamtoka. "Mwalimu alinikata alama. Lakini yananukia hivyo hivyo, mama. Hata leo."

Mama Mvuke alichukua karatasi mpya, akaweka tone, akaandika tarehe kwa herufi kubwa kuliko siku zote. Alipokuwa anaitundika akamwona Meneja mlangoni, mkono uko kwenye saa.

"Ingia, baba," alimwambia. "Bado nusu saa. Ongeza kuni."

Na Meneja akaongeza.