Ukisikia, Sema Ndiyo

…ndiyo, nasema, na nasema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa, maana hata mtoto wa chekechea angejua wakati wa kusema, huyu binti huvuta pumzi kwanza, kisha mkono wa koti lake jeupe unakwaruza, wanga umezidi, kisha ananigusa kwa ule uzi wake wa nailoni, pumzi, koti, uzi, pumzi, koti, uzi, kama mtu anayetwanga mtama, na huu ndio utafiti siku hizi hapa chuoni Chimwaga, nimelala chali juu ya kitanda cha raba, macho nimefumba kama nilivyoagizwa, suruali imekunjwa hadi magotini, mimi, Zablon, niliyefundisha milango ya fahamu miaka thelathini na moja mpaka nikastaafu, na anayeniagiza ni Restuta, aliyekuwa akikaa mstari wa nyuma akiandika kila nililosema pamoja na kikohozi… ndiyo… leo anatafuta udaktari wa falsafa kwa kuuliza sukari inaua vipokezi gani kwanza kwenye unyayo wa mtu, swali ambalo ningemjibu kwa dakika mbili bila kuvua soksi, nyuzi ndefu ndizo hutangulia, binti, neva inayotoka mgongoni mpaka kidole gumba cha mguu ina safari ya mita nzima, na mwisho wa safari ndefu ndipo njaa inapoanzia, andika hivyo uende nyumbani. Ukisikia nakugusa, Profesa, sema ndiyo, usiposikia nyamaza tu, ndivyo alivyoniambia, kwa adabu ya kukariri, na hajui hata kuwa amechagua neno bovu, kusikia, Kiswahili kimetoa neno moja kwa sikio na kwa ngozi, kwa hiyo mimi sidanganyi, koti nalisikia, ndiyo, pumzi naisikia, ndiyo, mtafiti asiyejua kuuliza hupata jibu linalomfaa… mimi si kama yule mzee aliyenitangulia, Matonya, mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, pazia tu lilitutenganisha, akalala kimya muda mrefu kisha akauliza, Mama, mbona huanzi, na Restuta akamjibu, Nimeshakugusa mara tisa, babu, na mzee akacheka, akasema, Basi huo umekufa, andika umekufa, twende wa pili, mtu anapewa habari ya msiba wa mguu wake mwenyewe naye anacheka na pazia limejaa masikio, ndiyo maana watu hawa huishia kukatwa miguu, hawana hata aibu ya kuficha… ndiyo… aibu naijua mimi, na Loisi anaijua, mke wangu, siku ile nyumbani Ipagala, mwezi wa sita, ule upepo wa Dodoma unaopasua midomo, nimekaa sebuleni miguu ndani ya beseni nasoma gazeti, akapita, akainama kuokota taulo, akachovya vidole akavitoa kama ameumwa na nyuki, Baba Sila, maji haya yanaunguza, nikamjibu bila kuinua macho, Nayapenda hivi, nikageuza ukurasa wa michezo, mimi ambaye kila mwaka nilimlambisha pilipili mwanafunzi mmoja mbele ya wenzake ili waone kwamba moto na pilipili hubisha hodi mlango mmoja, kipokezi kilekile, kikifikiwa na nyuzi joto arobaini na tatu kinafunguka, habari inapanda mgongoni, mguu unaondoka kabla ubongo haujaarifiwa, na ndani ya beseni lile hakuna mlango uliofunguka, hakuna mguu ulioondoka, kesho yake ngozi ilitoka pamoja na soksi, Loisi akaifua ile soksi, akaianika, mwanamke asiyeuliza ndiye anayechosha kuliko wote, kisha wiki iliyopita akaja na karatasi, Wanatafuta wazee wenye sukari wa kupimwa, nimekuandikisha, kama mtu anayeandikisha mbuzi wa chanjo… ndiyo… na upepo unagonga dirisha, na hata dirisha hawawezi kufunga, chuo kizima hiki, majengo yote haya… ndiyo… Profesa, anasema Restuta, hapo sikukugusa. Anasema polepole, kama anayemwambia mtu kwamba zipu yake iko wazi. Sikukugusa mara hii, anasema, wala mara tatu zilizotangulia. Kumbe lile koti amelikwaruza makusudi, pumzi ameivuta makusudi, nimetegewa mtego na mtu niliyempa C mbili, nataka kukaa nimwambie kwamba huo si utafiti, huo ni ulaghai wa sokoni, ila mtego ni wangu, uko kwenye kijitabu changu, wanafunzi walikitoa kopi pale kwenye steshenari mpaka herufi zikafifia, gusa hewa, niliandika, mara moja kila mara tano gusa hewa, mwenye kubahatisha atajitaja mwenyewe, na nakumbuka Restuta alinyoosha mkono siku ile, peke yake, akauliza, Mwalimu, na kama anadanganya kwa sababu anaogopa, tuandike nini, nikasema aende akasome ushauri nasaha, darasa zima likacheka, nililipenda sana lile cheko… Naweza kufuta haya tuanze upya, anasema, au nikuondoe kwenye utafiti, uamuzi ni wako, maana nikiyaandika yalivyo utaingia kundi la wazima. Kundi la wazima, na mguu wangu uende kwenye majedwali yake, miaka na miaka, mguu wa uongo unatembea kwenye karatasi za watu wasionijua, na mwingine kama mimi asome kwamba sukari ya miaka kumi na saba haidhuru kitu, akatumbukize miguu yake kwenye beseni. Anza upya, namwambia, na hilo koti livue. Analivua, nalisikia likitua kwenye kiti, kisha hakuna sauti tena, anapumua kwa siri, nami nangoja, nimefumba macho, nahesabu, nafika ishirini, nafika thelathini, mguso hauji, na ndipo swali linanitoka ambalo sikulipanga, Restuta, mkono wako wa kushoto uko wapi. Nimekushika kisigino, Profesa. Tangu lini. Tangu tulipoanza, mguu ulikuwa unatetemeka. Unatetemeka, mguu wa nani, nimelala hapa nikimdharau kwa starehe kumbe huko chini kitu changu kinatetemeka mbele ya mwanafunzi na sikupewa habari, natuma akili iende ikautafute mkono wake, inatoka kiunoni, inapita paja, inapita goti, inashuka kidogo kwenye muundi, kisha inasimama, kama mtu aliyefika mwisho wa lami. Andika, namwambia, vidole vinne chini ya goti, kuanzia hapo hakuna mtu. Anaandika, kalamu inakwama, anaitikisa, anaandika tena, hati yake siku zote ilikuwa mbaya, nilimkata alama kwa hilo pia. Tuendelee, anauliza. Sifumbui macho. Huenda ameshaanza, huenda uzi uko juu ya kidole gumba sasa hivi umejipinda, nangoja, natega ngozi na si sikio, na nanyamaza.