Mlango Usibamizwe

"Hicho cha kulia, Filemon. Nimesema kushoto," alisema Elimringi, na bila kungoja jibu akaruka rundo la bampa na kuingia mwenyewe kwenye stoo ya vioo.

Filemon, muuza spea zilizotumika wa pale Majengo, mjini Moshi, hakuwa na haraka. Ilikuwa tarehe ishirini na saba Desemba, saa moja na nusu asubuhi, na tumbo lake bado lilikuwa linashughulika na nyama ya sikukuu. Alikaa juu ya tairi akimtazama rafiki yake akichomoa vioo kimoja kimoja, akivigonga kwa kifundo cha kidole, akiviinua kuelekea kwenye mwanga wa mlangoni na kuvirudisha.

"Prado ya nani hiyo inayokutoa jasho asubuhi yote hii?"

"Ya mteja."

"Wezi?"

"Jiwe."

"Jamani! Huyo aliyerusha, mkono wake ukauke."

Mkono wenyewe ulikuwa umeshakipata kioo cha ubavuni, cha nyuma kabisa, kile kisichoshuka, cha upande wa kushoto na kizima bila mkwaruzo. Elimringi alikifuta vumbi kwa tumbo la shati lake na kutoka nacho haraka, kabla Filemon hajapata muda wa kulaani kiungo kingine.

Maana aliyerusha ni yeye. Fundi wa vioo mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa, mtu aliyezoea kuwaambia wateja kwamba hasira ni hasara na kioo ndicho shahidi, alikuwa ameokota jiwe jana mchana kule Masama, nyumbani kwao, na kulipiga gari la kaka yake wa tumbo moja. Na asikudanganye mtu kwamba jiwe lilikwenda lenyewe. Kioo cha ubavuni ukikipiga katikati kinaweza kukurudishia jiwe lako. Ukikipiga pembeni, karibu na ukingo, kinamwagika chote. Lile jiwe lilitua pembeni. Hasira ilikuwa imepofusha kila kitu isipokuwa ufundi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa masale. Baba yao, kabla hajafa, aliwagawia wanawe kihamba cha migomba na kahawa, akapanda kwa mikono yake mstari wa masale, mimea ya majani marefu, katikati kuwa mpaka. Eliudi, mkubwa, ambaye alifanya kazi Dar es Salaam, alikuwa amekuja Krismasi na Prado yake, akakosa pa kugeuzia, akarudi nyuma akayalaza masale matatu chini ya tairi. Akashuka akabamiza mlango, kama alivyobamiza kila mlango tangu utotoni, akaenda zake ndani. Elimringi aliyakuta yamelala hivyo. Akamwita, wakarushiana maneno, na maneno yalipokwisha kukawa na jiwe.

Ambacho hakukijua ni kwamba mama yao alikuwa ndani ya gari. Vioo vilikuwa vyeusi. Bibi Aikaeli, mwenye miaka themanini na moja na macho yaliyofunikwa na ukungu, alikuwa ameketi kiti cha nyuma akijaribu kuzoea, kwa sababu leo saa sita Eliudi alikuwa anaondoka naye kwenda kumtibisha macho Dar. Jiwe lilipita nyuma ya bega lake. Halikumgusa, lakini kioo chote kilimmwagikia kichwani, na Elimringi aliposikia sauti ya mama yake ikisema "Yesu wangu" kutoka ndani ya lile giza, alikimbia. Mwanaume wa miaka arobaini na nne alitimua mbio kati ya migomba, akapanda pikipiki yake na kushuka Moshi.

Usiku kucha hakulala. Jambo moja tu lilimzunguka kichwani: mama anaondoka leo, kwa umri ule, na anaweza asirudi, na kitu cha mwisho alichopewa na mwanawe wa mwisho ni jiwe.

Rachel, mkewe, hakumpigia kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. Alikifunga kioo kwenye blanketi, akambebesha mumewe mgongoni kwa kanga, akakaza fundo kifuani kwake.

"Baba Kindness, usiende hivi hivi. Mkono mtupu haulambwi. Mpitie mjomba wenu akutangulie na isale."

"Mjomba anaongea saa nzima kabla hajavaa viatu. Wanaondoka saa sita."

"Basi angalau isale lenyewe uwe nalo."

"Nitachuma huko huko."

Hapo ndipo alipokosea, ingawa pikipiki ilikuwa inaunguruma na wala hakuliona kosa. Kwao, mtu aliyekosa huleta jani la isale lililofungwa fundo, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Hata damu imewahi kusamehewa kwa jani hilo. Lakini huletwa na mzee kwa utaratibu, na huchumwa mahali pasipo na ugomvi.

Pale Kwa Sadala, alipokata kona kuanza kupanda, vijana wa bodaboda walimpigia miluzi. "Mzee, mtoto amelala?" Alitamani kucheka, akashindwa. Kila shimo la barabara alilisikia kwenye uti wa mgongo, kioo kikimgonga taratibu, naye akipunguza mwendo, akitazama saa, akiongeza, akipunguza tena. Saa tatu na dakika arobaini alizima pikipiki kwenye ukingo wa kihamba chao. Akachomoa kisu chake cha kukatia gundi, akakata isale la kwanza aliloliona, akalifunga fundo akitembea.

Eliudi alikuwa uwanjani, amesimama karibu na Prado na bakuli la mtori mkononi. Mahali pa kioo palikuwa pamezibwa kwa mfuko wa saruji uliobandikwa kwa selotepu, na mfuko ulikuwa unapumua na upepo.

"Shikamoo, kaka."

Eliudi alimeza mtori. Hakuitikia. Salamu ikabaki hapo katikati yao, na Elimringi, ambaye hakukumbuka siku yoyote maishani mwake shikamoo yake ikikosa marahaba, alihisi masikio yakipata moto. Akanyoosha isale kwa mikono miwili.

"Kaka, nimekosa. Nimekuja na isale."

Kaka mtu alilitazama jani, kisha akatazama mahali lilipokatwa, bado pabichi. Kisha akageuza macho, polepole, hadi kwenye mstari wa mpaka, ambao mwisho wake uligusa ukingo ule ilipoachwa pikipiki.

"Umelikata wapi?"

Hapo ndipo Elimringi alipoona.

"Jana umenivunjia gari kwa sababu nimekanyaga masale ya mzee," Eliudi alisema. "Bahati mbaya nimekanyaga. Leo wewe umeyakata kwa kisu, ndiyo uniombee msamaha." Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kweli wewe ni fundi. Liweke hapo juu ya boneti. Funga kioo, tuondoke."

Aliliweka. Aibu aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko ya jana, maana jana angalau alikuwa na hasira ya kujifichia.

Basi akafanya kazi, kwa sababu ndicho kitu pekee alichobakiza. Alibandua mfuko wa saruji, akafungua mlango wa nyuma wa mizigo, akazoa punje za kioo kwa brashi mpaka kwenye mifereji ya raba. Alianza kukwangua gundi ya zamani. Alikuwa amefika kwenye kona ya chini aliposikia fimbo ikipapasa ukuta wa nyumba. Mama alikuwa anakuja, amevaa kitenge cha kanisani na kilemba, tayari kwa safari. Eliudi alimshika mkono, akampandisha kwenye kiti kile kile cha jana, akaacha mlango wazi na kwenda kufunga mizigo.

Mama hakugeuka. Kati ya kisogo chake na uso wa Elimringi palikuwa na uwazi wa dirisha tu, chini ya urefu wa mkono.

"Shikamoo, mae."

"Marahaba. Eliudi anasema umeleta kioo."

"Nimeleta, mae."

"Jana nilidhani ni parachichi limeangukia gari," alisema. "Nikasema, loo, mwaka huu yamekuwa makubwa. Halafu nikasikia mtu anakimbia. Macho yangu yameisha, lakini miguu yako ninaijua tangu ikiwa inatambaa."

Kisu kilisimama.

"Sikujua kama uko ndani, mae. Naapa."

"Ungejua, ungerusha?"

"Hata kidogo."

"Kwa hiyo ulitaka kumpata ndugu yako."

Elimringi alikwangua tena, vipande vyeusi vya gundi vikaanguka juu ya viatu vyake.

"Jiwe halikuniuma," Bibi Aikaeli alisema. "Niliumia ulivyokimbia. Nilikaa humu nimejaa vioo, naogopa hata kupangusa uso, nikakuita. Hukurudi."

"Nilisikia," alisema Elimringi, na machozi yakamtoka bila kelele na kuingia kwenye ndevu. "Nilikusikia ukiniita, mae. Nisamehe."

Mama hakusema amesamehe. Aliinua mikono, akafungua kilemba chake na kukiweka mapajani.

"Bado kuna zinazonichoma. Kaka yako alijaribu, lakini hana vidole."

Elimringi alivua glavu. Akapitisha mikono kwenye dirisha tupu na kuanza kutafuta katika mvi za mama yake, kwa vidole vilivyozoea kutambua punje kwa kugusa tu. Akapata ya kwanza karibu na sikio. Ya pili. Ya saba ilikuwa utosini, ndogo kuliko punje ya ulezi. Alizitia zote mfukoni mwa shati, na mama alikaa shingo imelegea, kama alivyokuwa akikaa zamani binti wa jirani akimsuka.

Saa tano kasorobo alipaka gundi. Hapo mkono hauruhusiwi kutetemeka, na haukutetemeka. Mstari mweusi mmoja, bila kukatika, ukazunguka dirisha lote. Akainua kioo, akakiweka, akakikandamiza kwa viganja kuanzia chini kwenda juu, akabandika vipande sita vya tepu ya karatasi kukishikilia. Akarudi nyuma hatua mbili. Kilikaa kana kwamba hakijawahi kuondoka.

"Tayari?" Eliudi aliuliza, sanduku la mama mkononi, macho kwenye saa.

Elimringi alijua angeweza kusema ndiyo. Neno dogo, na kila mtu angeridhika, na kaka asingemkejeli tena. Alitazama barabara ya kushukia, mawe yake na mashimo yake.

"Bado, kaka. Gundi haijashika. Gari lisitembee mpaka kesho alfajiri. Mkiondoka sasa, kwa barabara hii, kioo kitahama, pengine kianguke tena juu ya mae."

Eliudi aliliweka sanduku chini.

"Unafanya makusudi."

"Kaka..."

"Unafanya makusudi! Umeshindwa kumzuia mae kwa jiwe, sasa unamzuia kwa gundi. Unadhani sijui? Hukutaka aondoke tangu mwanzo."

"Sikutaka," Elimringi alisema. "Mpaka leo sitaki. Lakini gundi ni gundi. Miadi yake ya daktari ni keshokutwa. Ukitoka kesho saa kumi alfajiri unafika. Na milango isibamizwe. Ukibamiza, upepo wa ndani unakisukuma kioo kinatoka."

"Kumbe hata milango yangu unanipangia."

"Nishusheni," alisema mama.

Wote wawili waligeuka. Alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje, unapapasa ardhi.

"Mae, tunaondoka," Eliudi alisema.

"Fundi amesema kesho. Mimi nililowa vioo mara moja, inatosha." Elimringi alikimbia kumshika mkono, na mama akaukubali, akakanyaga chini. "Na hilo isale liko wapi?"

Eliudi alisita. "Mae, amelikata mpakani. Kwenye masale ya mzee."

"Najua. Nilisikia pikipiki ilivyosimama kule." Akanyoosha kiganja. "Nipe."

Eliudi alilichukua lile jani juu ya boneti, kwa vidole viwili, na kuliweka mkononi mwa mama. Bibi Aikaeli alilipapasa kutoka ncha mpaka shina, akafika kwenye fundo, akaligeuza.

"Hivi ndivyo mnavyofungia mbuzi Majengo?" aliuliza. Kisha akalikunja kifuani, chini ya kitenge, akashika bega la mwanawe wa mwisho, na wakaanza kwenda nyumbani hatua kwa hatua, fimbo ikitangulia.

Walipofika barazani Elimringi aligeuka. Eliudi alikuwa amebaki peke yake karibu na gari, na mlango wa nyuma aliotokea mama bado ulikuwa wazi. Aliushika. Elimringi aliuona ule mkono, akaona bega likipanda, namna ile ile aliyoijua tangu wakiwa watoto, na mwili wake wote ukajikaza kungoja kishindo. Alifikiria mstari mweusi wa gundi, ukiwa bado mbichi, na vile vipande sita vya tepu.

Bega likashuka. Eliudi aliweka na mkono wa pili. Akausukuma mlango taratibu, viganja vyote viwili vimefunguka juu ya bati, akausindikiza mpaka mwisho, ukaingia bila sauti.

Akainamisha kichwa, akatazamana na kioo kipya.

"Marahaba," alisema.