Kifungu cha Nane

“Basi, ni hiyo tu,” nilisema, na kidole changu kikabaki kwenye pembe ya ukurasa, kikiuzuia usigeuke.

Ndivyo nilivyodanganya, kwa kidole kuliko kwa kinywa. Wanawake wanane walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya chumba cha kanisa, hapa Lweba, madirisha wazi, upepo wa ziwa ukituletea harufu ya ndagala, dagaa wetu wa hapa. Divine, mtoto wangu wa miezi sita, alikuwa amelala mgongoni kwangu. Mama Adolphine, prezida wetu, aliuliza kama kuna kifungu kingine cha kusomwa kabla ya kura. Kilikuwepo. Kilikuwa nyuma ya karatasi ile ile, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Niseme kwanza jinsi sheria hiyo ilivyozaliwa.

Nilijifunza kusoma ukubwani, katika masomo ya jioni ya mwalimu Raphaël. Hakuwa na vitabu vya shule. Alikuwa na rundo la vijitabu vya katiba ya nchi kwa Kiswahili, vilivyobaki tangu wakati wa kura, na panya walikuwa wameshakula utangulizi. Kwa hiyo wengine walisoma habari za sungura na fisi. Sisi tulisoma habari za seneti. Mwalimu alitueleza kwamba wabunge wa mpito waliandika, kisha, Desemba 2005, raia wakaulizwa ndiyo au hapana, na Februari iliyofuata ikawa sheria. Miaka mitano baadaye wabunge wakabadilisha vifungu vinane wao wenyewe, bila kutuuliza tena, maana katiba inawaruhusu wakifika watatu kwa kila watano. Mama Adolphine alipiga kura ile ya kwanza. Alisema alipanga mstari tangu alfajiri, akachovya kidole kwenye wino, akakubali kitabu ambacho hakuweza kusoma hata jina lake. “Nilikubali mume vile vile,” aliongeza, na darasa likacheka hadi mwalimu akaweka chaki chini.

Tulipoanzisha chama cha kukausha ndagala, tulitaka nasi tuwe na katiba. Meza za wavu zilikuwa tisa, tulizozipigilia wenyewe kwa mbao za mtumbwi uliopasuka, na wanawake walikuwa tisa. Mimi niliingia wa kumi: mwandishi, kwa sababu ya mwandiko, na wa kwanza kwenye orodha ya kungoja. Sikuwa na meza wala kura. Wenzangu walitaka kila kitu kiwe kama cha nchi. Mwalimu alipowapigia hesabu ya tatu kwa tano, tisa ikatoa watano na kipande, na Mama Adolphine akauliza ni nani atakayekatwa miguu. Tukaandika sita. Kifungu cha tano kikasema meza ni ya mtu mpaka atamke kwa kinywa chake kwamba anaiacha. Cha saba, sheria inabadilishwa kwa mikono sita. Na cha nane tulikinakili karibu neno kwa neno kutoka kwenye kijitabu: wakati wa vita, au wenzetu wakizuiliwa kufika, sheria haiguswi. Nakumbuka tulikipitisha haraka. Mvua ilikuwa inakuja na ndagala walikuwa nje.

Halafu risasi zikasikika milimani. Gatesi alikuwa mwenzetu wa tisa, Munyamulenge, wa wale wafugaji wa milimani wasiokula samaki, mke wa mchungaji wa ng'ombe. Tulikuwa tunamtania kwamba anakausha asichokula, naye anajibu kwamba daktari naye hali dawa anazoandika. Alikimbia na watoto wake asubuhi moja kupitia Kazimia, akapanda boti, na tangu siku hiyo simu yake haikupatikana. Miezi minne meza yake ilikaa tupu.

Nami miezi hiyo hiyo nilikuwa naokota mchanga katika ndagala za watu, nikilipwa kikombe cha ndagala zilizovunjika. Jérémie, mume wangu, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Misisi, kimya. Maziwa yangu yalikuwa yanapungua. Divine alikuwa ananyonya, anaacha, ananitazama.

Kwa hiyo msidhani Mama Adolphine alikuwa na roho mbaya. Siku ile chumbani alileta pendekezo la kubadilisha kifungu cha tano, kwa ajili yangu: asiyeonekana miezi mitatu, meza yake iende kwa anayengoja. Kuna waliosema pia kwamba watu wa milimani wakishaenda hawarudi. Yeye hakusema hivyo. Alinitazama tu mimi na mzigo wangu mgongoni.

Mikono saba iliinuka. Meza ikawa yangu.

Nikaambiwa niandike, nami nikaanza na kura: saba. Mwalimu alitufundisha kwamba kila kikao kina safu zake kwenye daftari: tarehe, waliopo, wasiopo, sababu. Niliandika tarehe. Niliandika nane. Niliandika Gatesi. Kwenye sababu, kalamu ikaandika vita, herufi nne tu, na hapo mkono ukakataa kuendelea. Ningeweza kuandika safari. Ningeweza kuacha wazi, nani angesoma? Lakini neno lilikuwa limeshakaa pale, na upande wa pili wa karatasi iliyotangulia kulikuwa na neno lile lile.

“Bamama,” nilisema, “nilidanganya. Kuko artikle ya munane.”

Hakuna aliyecheka. Divine aliamka, akaanza kulia, na nililazimika kumzungusha kifuani kabla ya kusoma.

“Soma,” alisema Mama Adolphine.

Nilisoma nikimnyonyesha. Nilipomaliza, alikuja akamfunika Divine miguu. “We mutoto,” alisema, “unajitoa ugali mu kinywa na mukono yako mwenyewe.”

Mwanamke mmoja nyuma akasema mwalimu atanipa mia kwa mia, sasa nikawashe moto nipike hiyo mia. Kisha wakatoka kwenda kugeuza ndagala kabla jua halijashuka. Nilifuta ile saba; meza ikabaki ya Gatesi. Kifutio kilitoboa karatasi.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri, na sitaipamba. Mama Adolphine alinituma kuchambua ndagala zake hata zilipokuwa hazina mchanga, akanilipa vikombe viwili. Jérémie alirudi mwezi wa nne baada ya kikao kile, mikono mitupu lakini mzima.

Gatesi alirudi mwezi wa saba. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake kabla ya kusalimu mtu. Wavu ulikuwa umeliwa na kutu hadi kuvunjika katikati, na mguu mmoja ulikuwa chakula cha mchwa. Aliuliza ni nani aliyeifanyia kazi. Nikamwambia, na nakiri nilisema kwa majivuno kidogo, kwamba hakuna, tulimlindia.

Aliupitisha mkono wake katika tundu la wavu, akanitazama upande wa pili.

“Na mutoto wako alikuwa anakula nini?”

Nilikaza kitenge kilichombeba Divine.

“Meza bila samaki inakufa, Mama Divine. Mungelitumia, nikirudi munirudishie. Hiyo nayo ni akili ya kutafuta mu kitabu?”

Yeye ndiye aliyeomba kikao. Safari hii wenye meza walikuwepo wote tisa, vita vilikuwa vimetulia, na barabara ilikuwa wazi. Nilisoma vifungu vyote, pamoja na cha nane, na Mama Adolphine akaniambia nigeuze karatasi ili aone kama hakuna cha tisa. Kisha Gatesi akasimama na kunitajia pole pole, niandike: meza ya aliyekimbia vita inafanyiwa kazi na anayengoja, mwenyewe akirudi, inarudi. Kwangu haikubadilisha kitu siku hiyo. Nilikuwa bado wa kumi.

Nilihesabu mikono: tisa. Wa Gatesi uliinuka wa kwanza, na wengine waliposhusha yao, aliuacha juu mpaka nilipomaliza kuandika.