Pumzi Tisa za Ngazi ya Kumi na Tatu

Walimwita Kobe, na jina lilimkaa. Kuoga, saa nzima. Kufunga kamba za viatu, mpaka wenzake wanakata tamaa wanaondoka. Ukimtuma chumvi kwa jirani, utakula bila chumvi na vyombo utaosha kabla hajarudi. Lakini mtu huyohuyo ukimkalisha mbele ya tivi ukampa padi ya gemu, lahaula, alikuwa umeme.

Gemu lenyewe liliitwa Gereza. La zamani, la mashine zile za kijivu ambazo watoto wa leo wakiziona hudhani ni redio. Unaanzia mlangoni, unashuka ngazi kumi na tano chini ya ardhi, mikuki inakutoka ukutani, sakafu inakukimbia miguuni, na ukifa mara moja tu unarudishwa mwanzo kabisa. Halihifadhi kitu. Wanaume wazima wenye ndevu zao wamerusha padi ukutani kwa ajili ya gemu hili, na yupo mmoja aliyerusha tivi. Kulimaliza tu ni sifa. Kobe alilimaliza kwa dakika arobaini na moja, wakati mwenzake aliyekuwa akiongoza alikuwa na arobaini na nne.

Wiki moja baadaye Kobe alilazwa. Siku ya nne akafa. Mapafu, madaktari walisema, na mlichelewa kumleta.

Aliacha mama, na mdogo wake wa kike ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, kwa sababu hakuna redio wala tivi iliyowahi kumshinda. Huyu Fundi ndiye aliyekuwa akimshikia kaka yake saa. Anakaa kushoto kwake kwenye kochi, kidole juu ya kitufe, na Kobe akimaliza, anabonyeza. Siku ya dakika arobaini na moja walikuwa wawili tu chumbani. Shahidi mmoja, tena ndugu.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Wachezaji wa Gereza walikuwa na kijiwe chao, chumba cha nyuma cha kinyozi, nao walikuwa na ubao wa majina na sheria zao, na wakizishika utadhani bunge. Rekodi ya shahidi mmoja inakaa ubaoni mwaka mmoja. Katika mwaka huo, lazima mtu mwingine aipite njia ileile mbele ya mashahidi watatu, ijulikane kwamba inapitika. Asipopatikana, jina linafutwa. Mwenye dakika arobaini na nne alikuwa Mwalimu wa hesabu, mtu mpole, hana baya na mtu, ila ukweli wake ni wa rula.

"Simwiti marehemu mwongo," alimwambia Fundi. "Mungu aniepushe. Lakini mlango wa ngazi ya kumi na tatu haufunguki, dada. Nimeujaribu mara mia mbili."

Mlango huo, ukiingia chumba chake, skrini inakuwa nyeusi tii na sauti inakatika. Huoni, husikii. Mahali fulani katika giza hilo mlango unafunguka, mara moja, kwa muda wa kupepesa jicho. Ukibonyeza mapema, mkuki. Ukichelewa, mkuki. Wenye akili zao huzunguka kwa njia ndefu na kupoteza dakika tatu. Kobe alisema ameupita. Fundi alimwona akiupita. Na sasa ilikuwa Jumatatu, na mwaka unakwisha Jumamosi, na kinyozi alikuwa ameshanunua kopo dogo la rangi ya kufutia.

Mambo ya gemu tu, utasema. Sema. Lakini Kobe hakuacha mke, hakuacha mtoto, hakuacha nyumba. Aliacha jina kwenye ubao, na likifutwa litafutwa kwa sababu moja: kwamba alidanganya, na dada yake akamsaidia kudanganya. Fundi aliapa halifutwi.

Alikuwa na daftari la kaka yake. Kobe aliandika njia nzima kwa penseli, mlango kwa mlango, na vipimo vyote vilikuwa kwa pumzi. Hakupenda kuhesabu kichwani. "Ukiogopa, kichwa kinahesabu mbio," alikuwa akisema. "Na saa huwezi kuitazama, macho yana kazi. Hesabu pumzi. Pumzi haidanganyi." Kwenye ngazi ya kumi na tatu alikuwa ameandika: simama, pumzi tisa, bonyeza.

Fundi akashusha pumzi tisa. Mkuki. Akajaribu nane, mkuki. Saba, sita, tano, nne, mikuki mitupu. Na kila jaribio, kufika tu pale ni zaidi ya nusu saa ya kutokwa jasho, kama hujafia njiani. Alifunga duka siku tatu. Wateja walimpigia simu kudai redio zao, akawaambia spea hazijafika. Alichezea chumbani kwa kaka yake, kwenye kochi lilelile, akaacha nafasi upande wa kulia bila kujua anamwachia nani.

Alhamisi mchana, amechoka, macho mekundu, akafungua ukurasa ambao hakuwahi kuusoma. Mlango wa ngazi ya pili. Nani ausome? Ule hata mtoto anaupita, unaita kengele kabisa kabla ya kufunguka. Alitaka tu kupumzisha akili.

Kobe alikuwa ameandika: pumzi tatu. Amefuta. Nne. Amefuta. Tano. Amefuta. Sita. Penseli haifutiki yote, hasa kwa mtu anayekandamiza mkono. Pembeni aliweka tarehe, na chini ya kila tarehe maneno yaleyale: mashine imechoka, imepungua kasi.

Fundi alizikumbuka tarehe hizo moja moja. Ni yeye aliyeitwa. "Hebu itazame mashine hii, inavuta miguu," Kobe alimwambia, naye akaifungua. Mara ya kwanza akasafisha meno ya kaseti kwa spiriti. Mara ya pili akabadilisha kapasita. Mara ya tatu akabadilisha waya wa umeme mzima, akaifunga, akaipima, akapangusa mikono, akasema kwa majivuno ya kifundi: "Mashine nzima, kaka. Mbovu ni wewe. Unazeeka." Wakacheka wote wawili. Kobe alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta.

Mlango wa ngazi ya pili haujabadilika tangu gemu litoke kiwandani. Unafunguka palepale, kwa muda uleule. Pumzi tatu, kisha sita. Yaani mlango ulikuwa uleule, ila mtu aliyesimama mbele yake alikuwa akivuta hewa mara mbili kupata ya mara moja.

Siku ya mazishi watu walinong'ona: mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi alikuwa amekubali, hata akamkasirikia kaka yake kwa usiri wake. Sasa alikaa na daftari mapajani na kujiona mjinga wa wajinga. Kobe hakuficha chochote. Aliandika kwa mkono wake, akatia tarehe. Yeye mwenyewe hakujua alichokuwa akikiandika, na fundi wa kumsomea alikuwa pale pale kushoto kwake, ameshika bisibisi.

Alilia. Alilia kwa sauti, peke yake, akiwa ameuma mto ili mama asisikie.

Kisha, kwa kuwa mkono wa fundi haujui kukaa, alipiga hesabu. Tisa zake ni kama nne na nusu zangu. Akajaribu nne na nusu. Mkuki. Nusu ya pumzi ni kipimo gani? Na pumzi za Kobe za siku za mwisho hazikuwa sawa kwa sawa. Zilikuwa mbili fupi, kisha moja ndefu inayokwama katikati, halafu inamalizika kwa kusukumwa. Alizijua. Amekaa kando yake miezi mingapi? Masikio yalikuwa yamezihifadhi bila yeye kuyaomba.

Akashuka tena. Ngazi ya kumi na tatu, giza, sauti ikakatika. Fundi akalegeza mabega jinsi Kobe alivyokuwa akiyalegeza, akaanza. Fupi, fupi, ndefu ikakwama.

Na kaka yake akawa pale.

Sikuambii alimwona. Hakumwona. Lakini upande wa kulia wa kochi mtu alikuwa akipumua, na nywele za shingo zilimsimama Fundi. Alijua fika kwamba sauti ile inatoka kifuani mwake, na mwili ukakataa kuamini. Aliogopa kugeuka. Fupi, fupi, ndefu. Akahofia pia kunyamaza, maana akinyamaza yule mwingine atanyamaza. Ya tisa ilipofika, akabonyeza.

Mlango ukafunguka. Mwanga wa skrini ukarudi, na mlango wa chumba nao ukafunguka, mama akaingia mbio na beseni la maji ya moto, taulo begani.

"Njoo ujifukize, baba," alisema, "kabla hayaja..."

Akamwona Fundi. Akatazama upande wa kulia wa kochi, akatazama beseni mikononi mwake. Miezi yote ile alikuwa akisikia pumzi zile kupitia ukuta wa jikoni, na kila alipozisikia alichemsha maji, kwa sababu aliamini ni vumbi la mtaa na mafua yasiyoisha. Masikio yake pia yalihifadhi. Alisimama vilevile mpaka maji yakaacha kutoa moshi.

"Ndani ya nyumba hii," alisema mwishowe, taratibu, "usinirudishie sauti ile. Umenisikia? Mimi nimeshazika."

"Nimekusikia, mama."

Hakulicheza tena gemu mpaka Jumamosi.

Kijiwe kilijaa. Kinyozi aliwaacha wateja wawili vitini, wamenyolewa nusu kichwa, akaja kusimama mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi, inanguruma. Mwalimu alishika saa. Jaribio la kwanza Fundi alifia ngazi ya tano, mahali pa aibu, na mtu mmoja nyuma akaguna. Mwalimu hakuguna. Alisafisha tu miwani yake.

"Pumzika kwanza, dada. Hatukufukuzi."

"Anza kuhesabu," alisema Fundi.

Safari hii mikono ilitulia. Ngazi ya saba, ya kumi, ya kumi na mbili. Alipoingia kwenye giza la kumi na tatu aliwaza kwamba anaweza kuzunguka. Njia ndefu ipo, ataonekana mchezaji hodari, watampigia makofi, na kile kitu cha Alhamisi hakitarudi. Jina tu ndilo litakalofutwa. Akalegeza mabega.

Fupi, fupi, ndefu ikakwama.

Kinyozi alizima mashine yake. Zamani alikuwa akimnyoa Kobe kila wiki mbili, sikio lake karibu na mdomo wa Kobe, na sasa alirudi nyuma hatua moja na kugonga fremu ya mlango. Hakuna aliyetikisika. Pumzi zile zilijaa chumba kile kidogo, na kila mtu aliyewahi kukaa na Kobe alizitambua, na kila mmoja akajua kwamba alizisikia pia wakati ule, akiwa amekaa hapahapa, akila karanga.

"Basi, dada," Mwalimu alisema. "Inatosha. Ninakuamini. Acha."

Saba. Nane. Tisa.

Mlango ukafunguka. Alimaliza kwa arobaini na mbili na ushee, nyuma ya kaka yake. Haikujalisha, njia ilikuwa imepitika mbele ya macho kumi na sita. Kinyozi alichukua kopo lake la rangi akalipeleka nje kabisa. Mwalimu alivua miwani, akafungua kitabu cha kijiwe, kalamu mkononi, maana sheria inataka siri ya njia iandikwe ili wengine nao waitumie.

"Pumzi ngapi?"

"Tisa," alisema Fundi. "Lakini mtazipata wapi? Ni za mtu aliyebakiwa na siku kumi na moja."

Mwalimu alifunga kalamu. Hakuandika.

Nyumbani, mama alikuwa jikoni akichambua mchele ambao alikwisha kuuchambua asubuhi.

"Limebaki?"

"Limebaki, mama."

"Ulipumua vile?"

"Nilipumua." Fundi alikaa chini sakafuni. Maneno yakamtoka yote. "Niliifungua mashine mara tatu, mama. Mara tatu nzima. Nikamwambia mbovu ni yeye, nikacheka. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, nimeshika saa."

Mama aliendelea kuchambua. Aliokota chuya moja, akaitazama, akairudisha.

"Na mimi nilichemsha maji," alisema. "Mpaka sufuria ikatoboka."

Mama akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akaja akakaa sakafuni kando ya binti yake, upande wa kulia.

"Hebu," alisema. "Mara moja tu."

"Mama, si ulisema..."

"Najua nilichosema."

Fundi akalegeza mabega. Fupi, fupi, ndefu ikakwama. Mama alifumba macho. Hakuinuka kuwasha jiko. Midomo yake ilikuwa ikihesabu, na mkono wake ulikuwa mgongoni kwa Fundi, pale mapafu yanapoinuka. Ilipofika ya tisa, Fundi akakoma, kwa sababu daftari linaishia hapo.

"Usiache," mama alisema.